Anza na Ringi Kubwa

Jioni ya leo naomba nikupeleke dukani, kwenye lile duka lenye mipira, kamba za kuruka na, juu ya mlango, ringi za plastiki za rangi rangi zilizotundikwa kwenye msumari. Nazungumzia zile ringi ambazo mtu huzizungusha kiunoni zisianguke. Wapo wanaoziita hulahupu. Uani kwetu tunaziita ringi za kiuno, na mimi nitaziita hivyo.

Nimeanza na dukani kwa sababu hapo ndipo watu wazima wengi wanapokosea, kabla hata hawajajaribu. Mama ameambiwa kliniki apunguze uzito. Kukimbia barabarani hawezi, maana vijana wa kijiweni watamsemesha mpaka ajute kutoka. Anaona ringi, bei yake ni nafuu, anaichagua yenye rangi nzuri na kwenda nayo nyumbani. Anafunga geti, anajaribu. Inazunguka mara mbili, inateleza mapajani, inamgonga vifundo vya miguu. Anaiokota. Akishaiokota mara kumi anaiegemeza ukutani na kusema, "Kiuno changu kimeshazeeka."

Maneno hayo niliwahi kuyasema mimi mwenyewe, kwa uchungu, na nikayaamini kwa karibu miaka miwili. Ringi niliyojaribia nilikuwa nimemnunulia binti yangu, wakati huo yuko darasa la tatu. Kisha siku moja jirani yangu akatoka uani na ringi yake, nyeusi, nene, imezungushiwa utepe wa kitambaa, na ukiisimamisha chini inakufika juu ya kitovu. Akaniambia, "Shoga, hebu jaribu hii." Nikajaribu. Ikazunguka. Ilikuwa nzito kidogo, na nilikuwa naisikia inapopita mgongoni, inapofika ubavuni, inapokuja mbele. Nilihesabu mizunguko 14 kabla haijaanguka. Kiuno kilikuwa kilekile cha jana.

Basi ninachotaka kukuambia ni hiki: mtu mzima anayeanza anahitaji ringi kubwa, yenye uzito kiasi. Ringi ndogo na nyepesi ni ya watoto, au ya mtu ambaye tayari amekuwa fundi.

Sababu yake unaweza kuiona kwenye bembea. Bembea ya kamba ndefu huenda na kurudi taratibu. Ya kamba fupi ina haraka. Ringi nayo ni vivyo hivyo. Ikiwa pana kuliko kiuno chako kwa nafasi kubwa, inachukua muda kukuzunguka, na muda huo ndio unaokuwezesha kusikia iko wapi na kuisukuma ikipita. Ikiwa ndogo inataka kiuno kiende mbio sana, na mgeni wa mchezo huu hana mbio hizo. Kwa upande wa uzito, ringi nyepesi ukiikosa msukumo mmoja tu imekwisha, wakati yenye uzito kidogo ikishashika mwendo inauendeleza hata ukichelewa.

Kipimo chake hakihitaji futi kamba. Simamisha ringi wima mbele yako, igusane na sakafu. Ukingo wa juu ufike kati ya kitovu na chini ya kifua. Kwa watu wazima wengi hiyo ni ringi yenye upana wa sentimita 95 hadi 110 kutoka ukingo mmoja hadi wa pili. Kama kiuno chako ni kinene, chukua ya juu zaidi katika kipimo hicho, kwa sababu kinachotakiwa ni nafasi kati ya mwili na ringi. Uzito uwe kati ya nusu kilo na kilo moja. Nimeona watu wakitoboa ringi ya mtoto na kuijaza mchanga. Wanaongeza uzito kweli, lakini upana unabaki wa mtoto, na haraka yake inabaki palepale.

Sasa kuna zile nzito za kilo mbili na zaidi, nyingine zina vinundu kwa ndani, na mwenye duka atakuambia vinundu vinayeyusha mafuta ya tumbo. Ndugu yangu, usikubali. Vinundu vinaacha michubuko ya bluu kwenye mbavu na nyonga. Mafuta hayayeyuki kwa kugongwa. Mwili unayatumia pale kazi unayoifanya inapozidi chakula unachokula, na hauulizi ni wapi pamegongwa. Hata ringi nzuri itakuachia maumivu kidogo siku tatu nne za mwanzo, na hayo yataisha. Maumivu ya vinundu yanarudi kila unapoigusa.

Zipo pia za kuunganisha vipande, saba au nane, zimevikwa sponji. Zinafaa kwa msafiri. Ila kagua viungio kabla ya kulipa: itikise, na ukisikia inalia kokoro, iache. Na usiondoe vipande kwa kudhani ringi inatakiwa ikukae kama mkanda. Ile nyingine inayofungwa kiunoni kabisa, yenye kitufe na uzito unaoning'inia kwenye kamba, ni kifaa cha aina yake. Haianguki kwa sababu imefungwa. Utatoka jasho, lakini kuizungusha ringi yenyewe hutajifunza.

Watu huniuliza kama mchezo huu una faida iliyopimwa. Upo utafiti wa Finland uliotolewa mwaka 2019, ambao naupenda kwa sababu ulilinganisha vitu viwili ambavyo mtu wa kawaida anavimudu. Watu 53 wenye uzito uliozidi walizungusha ringi ya kilo moja na nusu kwa wiki 6, na wiki nyingine 6 walitembea, karibu hatua 10,000 kwa siku. Ringi walikuwa wanaizungusha kwa wastani wa dakika 13 hivi kwa siku. Mzunguko wa kiuno ulipungua kwa takriban sentimita 3 katika kipindi cha ringi, zaidi ya ilivyokuwa kwenye kutembea. Lakini kutembea nako kulishusha presha ya damu. Kwa hiyo anayekwenda sokoni kwa miguu aendelee kwenda, ringi aiongeze jioni. Na angalia, wale walitumia ringi ya kilo moja na nusu. Wewe unayeanza, hiyo ni ya baadaye, misuli ikishazoea.

Niligusie na jambo la umbo, maana linawaumiza watu. Mwaka 2025 wataalamu wa hesabu na fizikia wa Chuo Kikuu cha New York walichapisha majaribio waliyofanya kwa vimwili vidogo vya mashine vinavyozunguka, vingine vimenyooka kama bomba, vingine vina nyonga na kiuno kilichobonyea. Ringi ilizunguka kwenye vyote, ila kukaa juu bila kuteremka ilihitaji mteremko wa nyonga chini yake na mkunjo wa kiuno. Kwa hiyo mwanamume aliyenyooka, au mama ambaye kiuno kimeshajaa, anafanya kazi kubwa kuliko mwenye umbo la chupa ya soda. Ni kweli. Huyo hasa ndiye ninayemwambia asiishike ringi ndogo, kwa sababu ameshabebeshwa ugumu mmoja na hana haja ya wa pili.

Na huku kwetu tuna mtaji. Mwanamke aliyekulia pwani akacheza chakacha, au kijana anayekata mauno kwenye singeli, anajua kitu ambacho wengine hufundishwa kwa wiki kadhaa: kukipeleka kiuno huku mabega yametulia. Kitakachombabaisha ni kimoja. Kwenye ngoma unachora duara. Kwenye ringi unasukuma, mbele na nyuma, mguu mmoja ukiwa umetangulia kidogo na magoti yamelegea. Duara linachorwa na ringi yenyewe. Ibandike mgongoni, sawa na kiuno, irushe kwa nguvu ikiwa imelala sawasawa, kisha sukuma tumbo kila inapopita. Ikianza kushuka, zidisha kasi. Dakika 5 kwa siku zinatosha wiki ya kwanza, na upande mmoja ukishauweza, geuza, zungusha na upande wa pili ili mwili usilemee kushoto au kulia. Mjamzito, aliyejifungua karibuni, aliyefanyiwa upasuaji wa tumbo, mwenye matatizo ya mgongo, hao waanze kwa daktari.

Nguo nayo ni sehemu ya kuchagua ringi. Plastiki laini juu ya jezi ya nailoni inateleza kama sabuni. Dera ndiyo kabisa, linaikumbatia ringi na kuiua. Pamba inashika. Mimi nafunga kanga, naikunja na kuichomeka vizuri isiwe na ncha inayoning'inia, na ringi inakaa. Ndiyo maana ile ya jirani yangu ilikuwa na utepe wa kitambaa: unaipa ngozi ya kushikia.

Ringi hizi za plastiki zilianza kuvuma mwaka 1958, kampuni ya Wham-O ya California ilipozitoa, baada ya waanzilishi wake, Richard Knerr na Arthur Melin, kusikia habari za ringi za mianzi walizokuwa wakichezea watoto wa Australia. Mamilioni ziliuzwa katika miezi michache tu. Zilitoka kama mchezo wa watoto, na mpaka leo maduka mengi yanatuletea za watoto. Ukubwa wa mtu mzima utautafuta sana, na ukiupata mara nyingi bei inakatisha tamaa.

Ndiyo sababu namalizia duka la pili, la vifaa vya ujenzi. Omba bomba jeusi la plastiki la maji, la robo tatu, lile linalouzwa likiwa limeviringishwa. Usichukue jeupe lililonyooka, halikunjiki. Kwa ringi ya upana wa mita 1 unahitaji mita 3 na sentimita 14. Ukitaka ya sentimita 105, kata mita 3 na sentimita 30. Nunua na kiungio kimoja cha kuchomeka kwa ndani. Nyumbani chovya ncha za bomba kwenye maji ya moto mpaka zilainike, zisukume kwenye kiungio upande huu na huu, acha zipoe, zitauma zenyewe. Fuata mviringo ambao bomba limeshazoea, usilipindue. Kisha zungushia utepe wa kitambaa, kuanzia kwenye kiungio.

Muuzaji huenda akakuuliza unavuta maji kutoka wapi kwenda wapi. Mwambie ni la mazoezi, na umwombe alipime kwa futi kamba mbele yako, kwa sababu likipungua nusu mita tu, utakuwa umerudi na ringi ya darasa la tatu.