Afya ni Haki, Si Fadhila

Mada iliyotolewa kwa wajumbe wa kamati za haki na amani za parokia



Tumekutana kutafakari jambo liigusalo kila nyumba. Mgonjwa afikapo mapokezi ya hospitali, mara nyingi huulizwa kwanza kama ana kadi ya bima au atalipa taslimu. Mahali panapomuuma huulizwa baadaye. Katika mpangilio huo wa maswali ndimo lilimo suala letu la leo. Je, matibabu ni bidhaa ya mwenye fedha, ni fadhila ya mwenye huruma, au ni haki ya kila akaaye katika nchi hii?

1. Tofauti ya haki na fadhila

Fadhila hutegemea moyo wa mtoaji; akikunja mkono, mpokeaji hana pa kulalamikia. Haki humfuata mtu kwa sababu ni mtu, hata mfuko wake ukiwa mtupu. Azimio la Ulimwengu la Haki za Binadamu la mwaka 1948 liliyataja matibabu katika Ibara ya 25. Papa Yohane XXIII, katika waraka wake Pacem in Terris wa mwaka 1963, aliyaweka pamoja na chakula, mavazi na makazi, kama haki zitokanazo na uhai wenyewe. Na tuusome vema mfano wa Msamaria mwema: majeruhi alipokewa na kuuguzwa katika nyumba ya wageni, na gharama iliyobaki ikaachwa ilipwe baadaye.

2. Katiba inasemaje

Ibara ya 14 ya Katiba yetu ya mwaka 1977 inampa kila mtu haki ya kuishi na ya kupata kutoka kwa jamii hifadhi ya maisha yake. Tuzingatie kwamba inasema kila mtu, wala haisemi kila raia. Kwa hiyo mkimbizi aliyeko kambi ya Nyarugusu na mtoto asiye na cheti cha kuzaliwa wamo. Hata busara ya kawaida yatuelekeza huko, kwa maana kipindupindu hakiulizi uraia.

Msaada wakati wa maradhi umetajwa katika Ibara ya 11. Lakini ibara hiyo imo katika sehemu ambayo, kwa mujibu wa Ibara ya 7, haiwezi kutiliwa nguvu na mahakama yoyote. Yaani ahadi ipo, ila mlango wa kuidai umefungwa. Jirani zetu wa Kenya, katika Katiba yao ya mwaka 2010, Ibara ya 43, waliitamka afya kuwa haki ya kila mtu, na wakakataza mtu kunyimwa matibabu ya dharura.

3. Tulikotoka na tulipo

Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, wananchi walio wengi walitibiwa bila malipo katika vituo vya Serikali. Uchumi ulipoyumba, uchangiaji wa gharama ulianza mwaka 1993. Sera iliwasamehe wajawazito, watoto wa chini ya miaka mitano na wazee wasio na uwezo. Hata hivyo, msamaha wa karatasi hautoshi pale dawa zinapokosekana dirishani na mgonjwa akaelekezwa duka la nje. Nayo desturi ya kuzuia maiti mpaka deni lilipwe imewaongezea wafiwa msiba juu ya msiba.

Mwaka 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Tunaipokea kwa matumaini. Lakini bima ni njia, na haki ndiyo msingi. Asiye na kadi hajapoteza ubinadamu wake.

4. Je, nchi maskini yaweza?

Wapo wasemao kwamba haki isiyo na fedha ni maneno matupu. Hoja hii ina uzito, maana hakuna Serikali iwezayo kujenga kila kitu kwa siku moja. Lakini yapo yasiyohitaji kungoja utajiri: kumpokea majeruhi kabla ya kudai malipo, kutombagua mgonjwa, na kumkabidhi mfiwa mwili wa ndugu yake. Kwa yanayohitaji fedha, viongozi wa Afrika waliahidi huko Abuja mwaka 2001 kutenga asilimia 15 ya bajeti kwa afya. Ahadi hiyo ndiyo kipimo chetu kila bajeti isomwapo.

5. Wajibu wetu

Hatuna budi kudai kwamba, katika mabadiliko yoyote ya Katiba, afya iwekwe miongoni mwa haki zinazolindwa na mahakama. Tuhudhurie mikutano ya kijiji na kuulizia mapato na dawa za zahanati. Tuchague watu waadilifu katika kamati za vituo vya afya. Na hospitali za Kanisa zipimwe kwa kipimo hicho hicho, kwani adaiye haki hadharani huanza kuitenda nyumbani.

Maswali ya kujadiliana katika jumuiya

1. Ni nani katika jumuiya yetu asiyeweza kutibiwa akiugua leo usiku?
2. Wanaostahili msamaha wanaupata? Kama sivyo, kizuizi kiko wapi?
3. Ni nani atakayelifikisha jambo hili kwenye mkutano ujao wa kijiji au mtaa?