Kinyesi Humtaja Mwenyewe: Jinsi Farasi Anavyomtambua Mwenzake kwa Harufu



Kuna rai iliyozoeleka kwamba farasi anaponusa kinyesi cha mwenzake hupata habari za jumla tu: aliyepita ni dume au jike, yuko kwenye joto au hayuko. Kumjua aliyepita ni nani hasa, wanasema, ni kazi ya macho na masikio. Rai hii inapendwa kwa sababu haiidai akili ya mnyama mambo mengi, na katika sayansi maelezo mepesi hupewa nafasi ya kwanza. Lakini wepesi hautoshi. Maelezo lazima yakubaliane na yanayoonekana. Nakusudia kuonyesha kwamba haya hayakubaliani, na kwamba kinyesi humtaja mwenyewe. Sitakaa kwenye maumbile ya pua, wala kwenye kiungo cha Jacobson ambacho farasi hukifikishia harufu anapoinua kichwa na kukunja mdomo wa juu, hayo mnayajua.

Tuanze na lundo lenyewe. Farasi dume anayeishi huru hapiti lundo la kinyesi hivi hivi. Husimama, huinamisha shingo, hutanua pua na kunusa kwa makini. Kisha husogea hatua chache, hujisaidia juu ya lundo lile lile, halafu hugeuka na kulinusa tena kabla ya kwenda zake. Wapo wanaosema hiyo ni alama ya mpaka. Kwa punda milia wa Grevy wa kaskazini mwa Kenya wangekuwa na hoja, maana dume wake hushika eneo, na malundo ya kinyesi ni sehemu ya kulidai. Farasi sivyo. Dume lake hulinda majike, halilindi ardhi, na makundi kadhaa hulisha na kunywa mahali pamoja. Pasipo eneo la kulinda, mpaka ni wa nini?

Ushahidi ninaouthamini kuliko wote ni wa Konstanze Krueger na Birgit Flauger, watafiti wa Ujerumani, uliochapishwa mwaka 2011. Walifanya majaribio mawili, na uzito wa kazi yao huonekana yakisomwa pamoja. Katika la kwanza, farasi waliwekewa sampuli nne: kinyesi chao wenyewe, cha wenzao wa kundi, cha majike wageni na cha madume wageni waliohasiwa. Walitofautisha chao na cha wengine, lakini hawakuonyesha tofauti kati ya wenzao na wageni. Katika la pili, makundi mawili yaliwekewa kinyesi cha wanakundi wenyewe, na kwa ulinganisho yakaongezwa malundo ya udongo na kinyesi cha kondoo. Hapo farasi, majike kwa madume, walishughulika zaidi na kinyesi cha wale waliokuwa wakiwashambulia kuliko wengine wote. Wapinzani hulikimbilia jaribio la kwanza: mnyama asiyetofautisha mwenzake na mgeni, atamjuaje mmoja mmoja? Wanasahau kwamba kunusa kwa muda mrefu hupima hamu, hakupimi ujuzi. Hata anayekijua kitu hukipita kama hakimhusu. Tena jaribio hilo linawageuka wao wenyewe. Kama pua ingejua aina peke yake, uwezo wake ungeonekana pale wenyeji walipochanganywa na wageni, na ungepotea pale ambapo wote ni wa kundi moja. Imetokea kinyume kabisa.

Limebaki pingamizi zito zaidi. Huenda ukali una harufu yake, na mnyonge hunusa ubabe wenyewe bila kumjua mbabe ni nani. Kwanza, kipimo cha Krueger na Flauger hakikuwa ukali wa farasi kwa jumla, bali ukali ambao anayenusa aliupata yeye. Pili, Daniel Rubenstein na Mace Hack walilishughulikia swali hili mwaka 1992 kwa farasi wa mwitu. Walihamisha kinyesi na kutazama madume wanavyokipokea, kisha wakawasikilizisha sauti kali ambazo madume hutoa wanapokabiliana. Sauti ilieleza cheo moja kwa moja, hata mwenyewe awe hajulikani. Kinyesi kilieleza kama mwenyewe anajulikana au ni mgeni. Basi kinyesi ni kama saini: hakitaji nguvu za mtu, ila anayemkumbuka mwenye saini atajua la kufanya. Na angalieni kwamba madume hawa waliutambua ugeni ambao farasi wa kufugwa wa Krueger na Flauger hawakuujali. Kwa dume mwenye majike ya kulinda, mgeni ni habari kubwa.

Kumbukumbu hiyo ya fulani na fulani farasi anayo. Mwaka 2009 Leanne Proops, Karen McComb na David Reby wa Chuo Kikuu cha Sussex walimpitisha farasi mbele ya mwenzake, wakamficha, kisha wakapiga kwa spika mlio wake au wa mwanakundi mwingine. Mlio usiolingana na aliyepita uliwafanya wasikilizaji wageuke haraka na kutazama kwa muda mrefu zaidi. Mnyama anayeunganisha sura na sauti ya mwenzake, sioni kwa nini aiache harufu yake nje, na hakuna pingamizi nililolipima lililonitoa kwenye imani hiyo. Kwa hiyo nawaomba wenye mazizi: msimvute farasi hatamu anaponusa lundo njiani. Mkileta farasi mgeni, na daktari wa mifugo akithibitisha kwamba hana minyoo wala maradhi ya kuambukiza, wapeni wenyeji kinyesi chake wakinuse kabla hawajaonana naye. Nanyi wanafunzi, mkitaka kujua mnyama anajua nini, mjaribuni kwa jambo linalomhusu yeye.