Kuimba Namba Si Kuhesabu
(Hotuba ya walimu wa madarasa ya chini mbele ya mkutano wa wanachama)



Mwenzetu mchuma chai hulipwa kwa kilo. Asiyeweza kulinganisha kilo za mizani na zile zilizoandikwa, wala kujumlisha makato ya mshahara wake, hukubali tu alichopewa. Ulinzi wake hauanzi ofisini kwa katibu. Huanza darasani, mtoto akiwa na miaka mitano au sita.

Wazazi wengi hufurahi mtoto akiimba moja hadi ishirini bila kukosea. Lakini mwambieni, "Nipe maharagwe saba." Akichota konzi tu akawapa, basi bado hajajua kwamba namba ya mwisho aliyoitaja ndiyo jumla ya vitu vyote. Asichapwe. Kiboko kilipigwa marufuku shuleni mwaka 2001, na hata zamani hakikumfundisha mtu hesabu.

Dawa ni vitu vya kushika: vifuniko vya soda, punje za mahindi, vijiti. Apange vifuniko vitano, avigawe vitatu na viwili, kisha vinne na kimoja. Ataona mwenyewe kwamba tano haikupungua wala kuongezeka. Kisha afunge vijiti kumi kumi kwa uzi. Hapa Kiswahili chetu chatusaidia, maana "kumi na moja" lasema lenyewe kwamba kuna fungu la kumi na kijiti kimoja. Lakini "ishirini" na "thelathini", tulizozitwaa katika Kiarabu, hazisemi wazi kwamba ni mafungu mawili na matatu. Hapo lazima aonyeshwe.

Nanyi nyumbani mna kazi. Mkimtuma dukani na shilingi 20 kununua kitu cha shilingi 15, mwulizeni kwanza atarudi na ngapi. Msimkimbize. Akijibu, sawa au makosa, mwulizeni amepataje. Hapo ndipo mtakapojua anavyofikiri.

Jambo la mwisho. Tangu elimu ya msingi ya bure ilipoanza mwaka 2003, madarasa mengi yalijaa. Mwalimu mwenye watoto kupita kiasi hawezi kumsikiliza kila mmoja akihesabu. Kwa hiyo, walimu wakidai waongezwe wenzao, msidhani ni shauri la walimu peke yao. Ni shauri la mtoto wako, ambaye kesho atasimama mbele ya mizani.