Maneno Yanayoingia Bila Hodi

(Mazungumzo ya Afisa Elimu ya Watu Wazima na wanakisomo wa Getanuwas, wilaya ya Hanang)



Leo tuache hesabu kidogo. Tuzungumze juu ya maneno yaliyomo vinywani mwetu. Hapa kwetu wengi hatukuzaliwa na Kiswahili. Nyumbani tunasema Kibarbaig au Kiiraqw. Kiswahili tulikipata shuleni, mnadani na kwenye redio. Redio inasema, nasi tunafuata, bila hata kujua kwamba tunafuata.

Chukueni neno danadana. Mtoto anapiga mpira juu kwa mguu, tena na tena. Mpira haugusi chini, wala hauendi golini. Hiyo ndiyo danadana. Sasa mtu akienda ofisini akaambiwa njoo kesho, na kesho akaambiwa njoo Jumatatu, anasema, "Wamenipiga danadana." Hata bibi ambaye hajaona Simba na Yanga zikicheza anasema hivyo. Nani alimfundisha? Hakuna. Alisikia tu, neno likakaa. Na anayekwepa mchango wa kijiji je? Tunasema "amepiga chenga". Mpira tena!

Jambo hili si geni. Zamani huko Dar es Salaam shilingi tano iliitwa dala, nayo ilikuwa nauli ya basi dogo. Ndipo basi likaitwa daladala. Nauli imepanda mara nyingi, jina limebaki. Muziki nao umo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Professor Jay aliimba "Ndio Mzee", akiwacheka wanasiasa wanaoahidi kila kitu. Watu wakayachukua maneno hayo, wakayatumia kwa utani. (Baadaye yeye mwenyewe akawa mbunge wa Mikumi, 2015 hadi 2020.)

Mimi sisemi maneno haya ni mabaya. Lugha hukua hivyo. Lakini angalieni neno mchongo. Zamani ni kazi ya mchonga vinyago. Vijana wakalifanya kazi au biashara yenye faida. Siku hizi tena wanasema "daktari wa mchongo", maana yake daktari wa uongo. Sasa mtu anakuja kukodi shamba lako, anasema, "Mzee, huu ni mchongo." Ni faida, au ni udanganyifu? Mzee anaona haya kuuliza. Anatikisa kichwa, anaweka sahihi. Shamba limekwenda.

Usione haya, mzee wangu. Mwambie, "Mwanangu, sema kwa maneno ninayoyajua. Shilingi ngapi? Miaka mingapi?" Halafu yaandikwe hivyo hivyo kwenye karatasi, uyasome mwenyewe. Kusoma si unajua sasa?

Na katika barua ni hivyo hivyo. Ukiandika kwa Mkurugenzi, "Kamati ya maji imetupiga danadana," atacheka, lakini hatajua la kufanya. Andika: "Tulikwenda kwa kamati mara tatu. Kila mara tuliambiwa turudi." Weka tarehe za siku hizo tatu. Hapo atajua amwite nani, na amwulize nini.

Jioni hii mkisikiliza redio, shikeni kalamu. Kila mmoja aandike maneno matatu ambayo mama yake hakuwa akiyasema. Kipindi kijacho tutayaandika ubaoni, na kila mtu atueleze maana yake anavyoijua yeye. Nadhani tutabishana.