Sheria Ina Ukoo Wake: Hotuba kwa Wananchi wa Mipakani



Tunawashukuru kwa kufunga safari kutoka Busia, Mutukula, Mpondwe, Bunagana na Elegu hadi hapa Kampala. Tumezoea kuzungumza nanyi juu ya wizi wa mifugo, magendo na usalama wa njia. Leo tunaomba tuzungumzie jambo linaloonekana kuwa mbali na kituo cha polisi, nalo ni utunzaji wa historia ya sheria zetu. Tunalileta kwenu kwa sababu ugomvi mwingi unaotufikia mipakani chanzo chake ni watu kujua neno moja la sheria bila kujua lilikotoka.

Tuchukue mfano mmoja unaowagusa nyote. Ibara ya 10 ya Katiba ya mwaka 1995 inaeleza uraia wa kuzaliwa. Inasema kwamba ni raia kila aliyezaliwa Uganda, ambaye mmoja wa wazazi wake au wa babu na bibi zake ni wa jamii asilia zilizokuwa zikiishi ndani ya mipaka ya Uganda tarehe 1 Februari 1926, na ambazo zimeorodheshwa katika Jedwali la Tatu. Tarehe hiyo imezua maneno mengi. Wapo wanaodhani kwamba kila mtu anadaiwa hati ya babu yake ya mwaka 1926. Wapo wanaoitumia kumtisha jirani mwenye lafudhi ya ng'ambo ya mpaka.

Lakini tarehe hiyo ina kisa chake. Mipaka ya Uganda haikushuka kutoka mbinguni. Mwaka 1902 Jimbo la Mashariki, pamoja na Kisumu, liliondolewa Uganda na kuunganishwa na nchi ambayo leo ni Kenya. Mwaka 1914 West Nile iliingizwa Uganda. Kabla ya hapo ilikuwa chini ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji, na kuanzia mwaka 1910 ikawa chini ya Sudan. Mzee wa Arua wa enzi hizo aliweza kutawaliwa na serikali tatu bila kuhamisha mafiga ya jiko lake. Kisha tarehe 1 Februari 1926, kwa amri iliyotolewa Uingereza, nchi iliyo magharibi ya ziwa ambalo sasa linaitwa Turkana ilihamishiwa Kenya. Ndiyo maana Katiba ikaishika siku hiyo. Basi tarehe hiyo inapima mahali jamii zilipokuwa wakati ramani ilipotulia. Haimdai mjukuu karatasi ambayo babu yake hakupewa kamwe.

Jedwali lenyewe nalo lina historia. Mwaka 1995 liliorodhesha jamii 56. Marekebisho ya mwaka 2005 yalizifikisha 65, na miongoni mwa zilizoongezwa ni Waaringa wa Yumbe. Wamaragoli, kwa upande wao, wamepeleka maombi yao Bungeni ili nao watambuliwe. Mtu aliyejifunza historia hii hutambua kwamba orodha ile ilitengenezwa na watu kwa majadiliano, na kwamba mlango wa kuirekebisha ni Bunge. Asiyeijua huutafuta mlango huo kwa panga, au kwa hongo kwenye kizuizi cha barabarani.

Ndugu zetu, majadiliano hayo yanahifadhiwa wapi? Baraza la Kutunga Sheria la Uganda lilikutana kwa mara ya kwanza mwaka 1921, likiwa na Wazungu watupu. Waafrika waliingia mwaka 1945, wakiwa watatu tu: Kawalya Kagwa wa Buganda, Petero Nyangabyaki wa Bunyoro na Yekonia Zirabamuzaale wa Busoga. Maneno yanayosemwa katika Bunge huandikwa na kuwekwa katika Taarifa Rasmi ziitwazo Hansadi. Humo mwananchi anaweza kuona nani alipendekeza kifungu, nani alikipinga, na kwa hoja gani.

Thamani ya kumbukumbu hizo huonekana zaidi pale zinapokosekana. Mwezi Aprili 1966 wabunge waliletewa Katiba mpya na kuambiwa kwamba nakala zao watazikuta katika visanduku vyao vya barua. Waliipitisha kabla ya kuisoma. Baada ya mapinduzi ya mwaka 1971 nchi iliendeshwa kwa amri za kijeshi hadi mwaka 1979, pasipo Bunge. Amri za wakati ule tunaweza kuzisoma hadi leo. Hoja zilizopimwa kabla ya kutolewa hatutazipata, kwa kuwa hapakuwa na baraza la kuzipima. Kizazi kile kilirithi makatazo bila maelezo.

Linganisheni na Katiba tuliyo nayo. Tume iliyoongozwa na Jaji Benjamin Odoki ilipokea maoni 25,547, na maelfu kati ya hayo yaliandikwa na mabaraza ya vijiji. Baadaye wajumbe 284 wa Bunge la Katiba, chini ya uenyekiti wa James Wapakhabulo, waliyajadili hadi Katiba ikatangazwa tarehe 8 Oktoba 1995. Huenda maoni ya kijiji chako yamo katika mafungu yale. Yakipotea, kijiji kimepoteza ushahidi kwamba kilishiriki kuijenga nchi.

Kutunza kumbukumbu kunatusaidia pia kuona kilichobadilika. Katiba ya 1995 ilipoanza ilikataza uraia wa nchi mbili. Marekebisho ya 2005 yaliuruhusu, kwa masharti yaliyowekwa na sheria. Hata hivyo, wapo wanaoendelea kunukuu katazo la zamani kana kwamba lingali hai. Marekebisho hayohayo ndiyo yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili. Na Ibara ya 4 inaitaka serikali itafsiri Katiba katika lugha za Uganda na kuifundisha shuleni. Hansadi zimeandikwa kwa Kiingereza, kwa hiyo kazi ya kuwafikishia wananchi yaliyomo bado ni kubwa, na inatuhitaji sote.

Kwa hiyo tunawaomba mambo manne.

Kwanza, walimu wachague kila muhula kifungu kimoja cha Katiba, wawasimulie wanafunzi kilivyozaliwa na kilivyobadilishwa, kwa Kiswahili au kwa lugha ya mahali.

Pili, wenyeviti wa vijiji watunze madaftari ya mikutano, ya wakazi na ya mipaka ya mashamba. Yakabidhiwe kwa mwenyekiti mpya mbele ya mashahidi, yasibaki chini ya kitanda cha anayeondoka.

Tatu, anayehitaji kumbukumbu aziombe. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2005 inampa raia haki hiyo, na ofisi ya umma inapaswa kumjibu ndani ya siku 21.

Nne, mashaka juu ya uraia wa mtu yapelekwe panapostahili, yaani Mamlaka ya Vitambulisho na Usajili, au idara ya uraia na uhamiaji. Kijiji hakina mamlaka ya kumvua mtu uraia, na askari wa kizuizini hana.

Kwa upande wetu, Ibara ya 212 inatuagiza kulinda maisha na mali na kushirikiana na wananchi. Hatuwezi kushirikiana nanyi huku tukiwataka mtii bila kuuliza. Askari akikutajia sheria, una haki ya kumwuliza kwa adabu ni sheria ipi na ya mwaka gani, naye ana wajibu wa kukujibu kwa adabu.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wetu ni karatasi zinazoliwa na mchwa na wazee wanaoondoka na habari zao. Tuuzibe sasa, wakati wazee bado wanasimulia na karatasi bado zinasomeka.

Tunawatakia safari njema ya kurudi nyumbani.