Mbuzi Wakitupa Mimba, Usinyamaze

Mazungumzo na wakazi wa kambi za Dadaab juu ya Homa ya Bonde la Ufa



Mliokaa hapa miaka mingi mnakumbuka mvua za El Niño za mwisho wa 1997. Maji yalijaa Garissa yote. Mbuzi na kondoo walitupa mimba, watoto wao wakafa, kisha watu wakaanza kuugua na wengine kutokwa na damu. Ugonjwa ulirudi mwisho wa 2006, na Kenya peke yake watu zaidi ya 150 walikufa.

Kwa nini hufuata mvua? Kuna mbu wanaotaga mayai yenye virusi katika udongo wa mabondeni. Mayai hukaa humo miaka mingi ya ukame bila kufa. Maji yakituama, mbu hutoka na kuuma mifugo. Wewe huupata kwa kugusa damu ya mnyama mgonjwa, au kwa kuumwa na mbu.

Wataalamu hupima joto la Bahari ya Hindi na kutazama mvua kwa setilaiti. Mwaka 2006 walitoa tahadhari kabla watu hawajaanza kuugua. Lakini setilaiti haioni zizi lako. Unayeliona ni wewe.

Kwa hiyo, baada ya mvua kubwa, fanya hivi:

1. Wanyama kadhaa wakitupa mimba, au wadogo wakifa kwa wingi, mwambie kiongozi wa bloku au bwana mifugo siku hiyo hiyo.

2. Usichinje wala kuchuna mnyama mgonjwa. Usimle aliyekufa.

3. Usiguse mimba iliyotoka kwa mikono mitupu.

4. Chemsha maziwa. Pika nyama mpaka iive kabisa.

5. Laleni ndani ya chandarua.

6. Ukipata homa na maumivu ya mwili, nenda zahanati, na useme kama uligusa mifugo.

Najua mnaogopa soko kufungwa. Ni kweli, wakati ule lilifungwa, na wengi walipata hasara. Lakini chanjo ya mifugo hufaa kabla ugonjwa haujaenea. Ukificha mbuzi mmoja leo, kesho ni zizi zima, na keshokutwa ni mtoto wako. Mbuzi hununuliwa tena, mtu hanunuliwi.

Mwambie na jirani yako.