Cheti Hakiandiki Barua



Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Walikuwa watu wa biashara, nao waliujua uzito wa maandishi. Lakini daftari lililoandikwa ovyo nalo hupoteza mali, tena mbele ya macho ya mwenye kuliandika. Jambo hilo lafaa kuzungumzwa wakati huu, ambapo watumishi wengi, baada ya saa za kazi, hufungua kompyuta au simu zao na kujiandikisha katika kozi za vyuo zinazofundisha uandishi wa kiufundi na wa kibiashara kwa njia ya intaneti.

Wapo wanaoidharau elimu ya namna hiyo, wakidai kwamba mtu hawezi kufundishwa na mwalimu asiyemwona. Historia haikubaliani nao. Mwaka 1840, Uingereza ilipoanza kusafirisha barua kwa bei ya peni moja, Isaac Pitman alianza kufundisha hatimkato kwa posta. Mwanafunzi aliandika zoezi, akalituma, nalo likamrudia likiwa limesahihishwa. Hatimkato ni kazi ya ofisini. Kwa hiyo elimu ya masafa, tangu utoto wake, ilihusika na maandishi ya ofisi. Nchini Tanzania, Chuo Kikuu Huria kilianzishwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1992, na wanafunzi wake wa kwanza walianza masomo mwaka 1994. Mwalimu wa Kigoma na karani wa Lindi wakaweza kusoma pasipo kuacha vituo vyao vya kazi. Intaneti imeongeza mwendo wa bahasha, lakini haikugeuza kiini cha mafunzo: mwanafunzi huandika, mwalimu husahihisha, na mwanafunzi huandika tena.

Hapo ndipo pa kupimia kozi. Ikiwa kozi inamtaka mwanafunzi atazame picha za video, achague jibu moja kati ya manne, kisha apokee cheti, basi kozi hiyo haikumfundisha kuandika, kama vile mtu hafundishwi kuogelea kwa kutazama bahari. Kozi yenye maana humdai barua, dokezo, taarifa, muhtasari wa kikao na maelekezo ya kazi. Humrudishia kila kimoja kikiwa na maswali. Wala haimruhusu kwenda mbele mpaka ameandika upya. Mtumishi anayekusudia kutumia mshahara wake kwa ada na kwa bando hana budi kuuliza kwanza: ni nani atakayesoma kazi zangu, na atazirudisha baada ya siku ngapi?

Je, katika masahihisho hayo mwanafunzi hujifunza nini? Hujifunza swali moja lenye sura nyingi: msomaji ni nani, na baada ya kusoma atafanya nini? Mfano mmoja kutoka katika majalada ya kila siku watosha. Mwalimu mstaafu hupokea barua inayoanza kwa maneno haya: “Kichwa cha habari hapo juu chahusika. Katika kutekeleza zoezi la uhakiki, unaarifiwa kuwa wahusika wote watatakiwa kuwasilisha vielelezo stahiki kwa mamlaka husika ndani ya muda uliopangwa.” Barua hiyo ina namba ya kumbukumbu, ina muhuri, ina sahihi, na nakala yake imekwenda kwa wakubwa watatu. Lakini mzee yule hajui aende wapi, lini, wala abebe karatasi gani. Atapanda basi kwenda wilayani kuuliza, ataambiwa arudi kesho, na nauli yake imekwisha.

Barua hiyohiyo yaweza kuandikwa hivi: “Tafadhali fika katika ofisi ya utumishi ya wilaya kabla ya tarehe 30 Juni. Njoo na barua yako ya kwanza ya ajira, barua ya kustaafu na kitambulisho. Usipofika, malipo ya mwezi wa Julai yatasimamishwa mpaka utakapohakikiwa.” Haikupoteza heshima yoyote, na urefu wake haukuzidi sana. Tofauti ni kwamba barua ya kwanza iliandikwa ili mkubwa aone kuwa kazi imefanyika, na ya pili imeandikwa ili mzee apate haki yake. Urasimu huanza katika sentensi kabla haujafika dirishani.

Asidhani mtu kwamba hayo ni mambo madogo ya sarufi. Walimu wa uandishi wa kiufundi nchini Marekani hupenda kutoa mfano wa ajali ya kinu cha nyuklia cha Three Mile Island, katika jimbo la Pennsylvania, iliyotokea tarehe 28 Machi, 1979. Miezi 18 kabla yake, mnamo Septemba 1977, kinu kingine cha aina hiyo katika jimbo la Ohio kilipatwa na hitilafu inayofanana nayo: vali ilikwama ikiwa wazi, na wahudumu wakazima mapema pampu za kuingiza maji ya kupooza. Kinu kilikuwa kikifanya kazi kwa nguvu ndogo, na madhara hayakutokea. Wahandisi wa kampuni iliyovitengeneza vinu hivyo waliiona hatari. Barua ya ndani ya kwanza iliandikwa Novemba 1977, na nyingine Februari 1978, zikipendekeza wahudumu wapewe maelekezo mapya. Barua ya kwanza ilikuwa ya upole mno. Iliomba maoni, na haikuitanguliza hatari yenyewe. Barua zikazunguka kutoka meza hadi meza, maswali yakangoja majibu, na mpaka siku ya ajali maelekezo yale hayakuwa yamewafikia wahudumu. Ajali ile ilikuwa na sababu nyingi, na maandishi hayakuwa sababu pekee. Hata hivyo yaliyotakiwa kusemwa yalikuwa yamekwisha kujulikana, yakalala katika karatasi.

Kuna jambo jingine linalomhusu msomaji wa Kiswahili moja kwa moja. Sehemu kubwa ya kozi hizi hufundishwa kwa Kiingereza, ilhali wananchi wanaoandikiwa husoma Kiswahili. Nchini Tanzania, mwaka 1967, Makamu wa Pili wa Rais, Ndugu Rashidi Kawawa, aliagiza Kiswahili kitumike katika shughuli za serikali, na mwaka huohuo Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa kwa sheria. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Mwanafunzi anayerudi kutoka katika kozi yake na mikebe ya sentensi za Kiingereza, akaifungua na kuimimina katika Kiswahili neno kwa neno, atazaa maandishi ambayo hata yeye mwenyewe hayaelewi. Kanuni husafiri: jambo kuu litangulie, kila hatua ipewe sentensi yake, mtendaji atajwe. Sentensi zenyewe hapana budi zizaliwe nyumbani.

Wala hapana sababu ya kudhani kwamba Kiswahili hakiwezi kazi hiyo. Mwaka 1973 kampeni ya “Mtu ni Afya” iliwakusanya karibu watu milioni 2 katika vikundi vya kusoma. Walisikiliza redio, wakasoma vijitabu vya Kiswahili chepesi juu ya malaria, kuhara na magonjwa mengine, wakajadiliana, kisha wakachimba vyoo na kufyeka vichaka. Huo ulikuwa uandishi wa kiufundi kwa maana yake kamili, ingawa hapana aliyeuita kwa jina hilo. Kipimo chake hakikuwa alama za mtihani, bali shimo lililochimbwa.

Siku hizi kumezuka kishawishi kipya. Programu za akili mnemba huweza kumwandikia mwanafunzi zoezi lake kwa nukta chache, tena kwa lugha laini. Zina msaada wake, kama kamusi ilivyo na msaada wake. Lakini programu haimjui mzee wa kijijini, haijui kwamba basi hufika wilayani saa sita mchana, wala haitaitwa kujieleza malipo yatakapokosewa. Atakayeitwa ni mwenye sahihi. Mwanafunzi anayeiachia mashine ifikiri badala yake ameilipa ada yake kwa ajili ya kuisomesha mashine, naye amebaki alipokuwa.

Basi mtumishi na mwalimu na wajiandikishe katika kozi hizo, wala wasione haya kurudi shuleni wakiwa na mvi. Lakini somo lisiishie katika kioo cha simu. Kila juma mwanafunzi achukue waraka mmoja halisi wa ofisi yake, auandike upya, kisha ampe mhudumu wa ofisi au mzazi wa mwanafunzi ausome. Akae kimya, asimfafanulie neno. Amwulize jambo moja tu: “Sasa utafanya nini?” Msomaji akijibu sawasawa, mwandishi amefaulu. Akisitasita, mwandishi achukue kalamu aanze tena, hata kama cheti chake kimekwisha kutundikwa ukutani.